Nyota changa milioni moja? Tusishangilie mapema

Kila inapotoka orodha mpya ya nyota changa zilizotambuliwa na kompyuta, watu hukimbilia idadi. Mimi hutaka kwanza kujua kompyuta hiyo ilifundishwa kwa mifano ipi.

Kinachoiumbua nyota changa ni vumbi. Vumbi linaloizunguka hupata joto kisha hung'aa kwa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Darubini ya WISE, iliyorushwa Desemba 2009, ilipima anga lote katika mawimbi manne ya mionzi hiyo, yenye urefu wa maikromita (sehemu za elfu za milimita) 3.4, 4.6, 12 na 22. Katalogi yake ya AllWISE ya mwaka 2013 ina vitu takriban milioni 747. Nani atavikagua kimoja kimoja? Ndiyo maana kazi huachiwa kompyuta.

Lakini vumbi si la nyota changa peke yao. Nyota zilizozeeka na kuvimba hutema vumbi, na galaksi za mbali zenye shimo jeusi linalokula hung'aa kwa rangi zinazokaribiana na za nyota changa. Sasa piga hesabu. Mashine ikikosea mara moja tu katika mia, kwenye vitu milioni 747 itakuletea nyota bandia zaidi ya milioni saba. Usahihi wa asilimia 99, ambao kwingine ungepigiwa vigelegele, hapa ni balaa.

Ndiyo maana naipenda kazi ya mwanaastronomia Gábor Marton na wenzake ya mwaka 2016. Walitumia ramani ya vumbi ya setilaiti ya Planck kubakiza maeneo yenye mawingu, ambako nyota huzaliwa, ndipo wakaiachia mashine ichore mipaka kati ya makundi ya vitu. Walizopata wakaziita watahiniwa, yaani zinazodhaniwa tu kuwa nyota changa, na hapo walikuwa waungwana. Mwaka 2019 wakaongeza vipimo vya Gaia, setilaiti iliyopima mahali na mwangaza wa nyota. Watahiniwa wakapita milioni moja, safari hii kila kitu kikiwa na uwezekano wake wa kuwa nyota changa.

Bado nina wasiwasi na mifano ya kufundishia. Nyota changa tunazozijua vizuri nyingi ziko kwenye mawingu ya jirani, kama Taurus na Orion. Kwenye msongamano wa Njia Nyeupe, galaksi yetu, WISE iliweza kuona nyota kadhaa kama moja, na mashine iliyosomea ujirani haina uzoefu huo.

Kwa hiyo mtu asininukulie idadi bila kizingiti chake, yaani uwezekano wa chini kabisa aliokubali. Mwenye usiku mmoja tu wa darubini kubwa akipandishe, asije akaupoteza kwa nyota bandia. Anayechora umbo la galaksi yetu anaweza kukishusha, mradi atangaze amekishusha hadi wapi.