Mwanza ya sangara na Mwanza ya dagaa

Mtu wa Mwanza akiulizwa ugenini kwao kuna nini, atataja mawe, halafu sangara. Fahari hiyo hakuiokota. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akafumuka miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vilivyofuata vikaubadili mji: ajira, fedha za kigeni, barafu inayosafirishwa hadi visiwani. Furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, wengi waliishia tumboni mwake, lakini hilo limeshasemwa sana. Kwa wenye viwanda, uvuvi kukua maana yake ni tani zinazopanda ndege. Wana hoja. Hata usafi wa mialo yetu mikubwa, mahali mitumbwi inapoteremsha samaki, unadaiwa sehemu yake na marufuku za Umoja wa Ulaya za mwishoni mwa miaka ya 1990, zilizotulazimisha kujipanga.

Ila mweke sangara wa kilo kumi kwenye meza ya kiwanda. Mnofu unaotoka ni kama kilo nne. Nne! Hesabu hii hainitoki kichwani. Nne hizo ndizo zinazoingia kwenye takwimu tunazojivunia, nazo zinaondoka. Mabondo, yaani mifuko ya hewa ya sangara, ambayo kilo yake inaushinda mnofu kwa bei mara nyingi, nayo yanakwenda zake China. Anayebaki mjini anabaki na mapanki: kichwa na uti wa mgongo, vikaangwe viuzwe. Supu ya kichwa cha sangara mimi siikatai, wala sioni aibu kuila. Ninachouliza ni kwa nini ukuaji tuupimie kwenye kile tusichokila.

Sasa nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mama mnunuzi anafika kwenye gunia la dagaa, anachota kiganja kimoja, anawasugua taratibu kwa kidole gumba, anawarudisha. Kisha anautazama mkono wake. Mchanga ukibaki kiganjani, bei imeshuka kabla hajafungua mdomo. Magunia hayo yanakwenda Congo, Rwanda, Burundi, na kwenye masufuria ya mikoa ambayo haijawahi kuliona ziwa. (Watu wa Kigoma watasema dagaa wa kweli ni wao. Tuwaachie.) Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza uvuvi wa ziwa zima. Hahitaji barafu wala kuni. Sangara kwa mafuta aliyonayo huwezi kumwanika tu juani ukamaliza. Ulaya ilipofunga mlango, viwanda vilitikisika, lakini gunia la dagaa halikuwa likisubiri kibali cha Brussels.

Watetezi wa sangara wanajibu kwamba dagaa ni mali duni, nusu yake chakula cha kuku. Nusu au robo, tusibishane; tuulize anafikaje kwa kuku. Wavuvi wa dagaa wanatoka siku za giza, mwezi usipokuwepo, wakivuta samaki kwa taa. Alfajiri wanatua. Kama ni masika na jua halikutoka, mzigo ulioanikwa mchangani unaanza kunuka mchana huohuo, na wa kuununua anabaki mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo. Kinachokosekana hapo ni vichanja vya mbao na wavu, turubai, na vikaushio vya kutumia wakati wa mvua. Mapato yanaweza kuongezeka bila kuvua dagaa hata mmoja zaidi ya wanaovuliwa leo. Kwa sangara huwezi kusema hivyo kirahisi: sheria inakataza kumvua chini ya sentimita 50, na hata akifika urefu huo majike wengi hawajataga bado.

Kuna hofu moja siidharau. Dagaa akishakaushwa vizuri, akafungwa kwenye pakiti na kupata soko la mbali, bei itapanda, na atakayeumia ni yule aliyekuwa akimnunua kwa kikombe sokoni. Sangara alipitia njia hiyohiyo. Kwa hiyo mikopo ya serikali inayokwenda kwenye boti na vizimba vya kufugia samaki ningeisogeza kwanza kwa kina mama wanaoanika, wanaouza kikombe na gunia palepale mwaloni, kabla ya mjenzi wa kiwanda kipya. Masika yakiingia, wao ndio wanaoonekana wakikimbia na maturubai yaliyotoboka, wingu likiwa limeshavuka ziwa.