Kabla ya Kuchagua Kazi, Uliza Siku Yake Inavyokwenda

Kijana anayemaliza shule huulizwa swali moja na karibu kila anayekutana naye: unataka kuwa nani? Swali lenyewe halina ubaya, ila linamtaka ataje jina la kazi, naye huwa na majina machache tu aliyoyasikia tangu utotoni: daktari, mwanasheria, rubani, mhandisi, mhasibu. Hutaja mojawapo, wakubwa wakaridhika, na mazungumzo yakaishia hapo bila mtu kumuuliza kama anajua mhasibu hufanya nini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa maoni yangu, maandalizi ya kazi baada ya shule huharibikia hapo, kabla hata barua ya kwanza ya maombi haijaandikwa.

Mwaka 1908 Frank Parsons, mtu aliyekuwa amepitia uhandisi, ualimu na uanasheria, alifungua mjini Boston, Marekani, ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909, yeye akiwa ameshafariki, na ndani yake alitaka mambo matatu: kijana ajielewe mwenyewe, azielewe kazi zilizopo pamoja na masharti, faida na hasara zake, kisha apime kwa akili jinsi hayo mawili yanavyopatana. Ushauri mwingi wanaopewa wahitimu hadi leo umejengwa juu ya msingi huo, isipokuwa jambo la kwanza tumelilisha hadi likanenepa, na la pili tumeliacha likonde. Vijana hujazishwa madodoso ya vipaji na kuhimizwa wafuate ndoto zao, lakini ndoto ya kazi ambayo mtu hajapata kuiona ikifanyika ni ndoto ya sare na cheo tu.

Dawa yake ni kuuliza, na kuuliza kwenyewe kuna namna. Ukimuuliza mtu kazi yake ikoje, atakujibu kwamba ni nzuri ila ina changamoto zake, jibu ambalo halikupi chochote. Muulize kuhusu jana: alipofika alianza na nini, nani alikuwa akimsubiri, kipi kilimchosha, kipi kililala bila kukamilika. Muuguzi atakueleza makabidhiano ya zamu, na jinsi kila dawa aliyompa mgonjwa inavyopaswa kuandikwa pamoja na saa na saini yake, hata kama miguu imekufa ganzi kwa kusimama. Mhasibu atakueleza mwisho wa mwezi, anapolinganisha vitabu vyake na taarifa ya benki na kukuta tofauti ndogo isiyotaka kuondoka. Mzoefu hujaribu kwanza kuigawanya kwa 9, kwa sababu ikigawanyika bila baki, huenda mahali fulani tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kama 54 kuandikwa 45. Kuna kijana atakayesikia hayo akachoka papo hapo, na mwingine atakayetaka kuitafuta hiyo tofauti mwenyewe. Kila mmoja wao ameshajifunza juu yake mwenyewe jambo ambalo dodoso lisingemwambia.

Wa kuulizwa ni nani? Wazazi na marafiki wa karibu wana mapenzi mema, lakini kwa kawaida wanayoyajua wao na wewe unayajua. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionyesha hilo katika makala yake ya mwaka 1973, aliyoiandika baada ya kuwachunguza watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliokuwa wamebadilisha kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Hao walikuwa watu waliokwisha kuwa kazini, si wahitimu wapya, lakini sababu yake inamhusu mhitimu pia: mtu wa mbali huzunguka mahali ambapo wewe huzunguki. Na hapa sizungumzii kubebwa. Anayeomba kuelezwa kazi haombi kupewa kazi, na ndiyo maana ujumbe wa kuomba mazungumzo hayo uwe mfupi, utaje muda unaouhitaji, na usiambatanishwe na wasifu, kwa sababu wasifu ukishaonekana, swali limegeuka ombi.

Kuuliza kukishakuonyesha njia, kinachofuata ni kuifanya kazi yenyewe kwa kiwango kidogo, iwe kwa kujitolea, kwa mafunzo kwa vitendo au kwa shughuli ya nyumbani. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakaona kwamba kumpa mwombaji sehemu ya kazi aifanye ni miongoni mwa njia zinazotabiri vizuri utendaji wake, ilhali miaka aliyokaa darasani hutabiri kidogo mno. Basi katika wasifu, sentensi ya kusema wewe ni mchapakazi unayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa haina uzito wowote. Andika kwamba uliandika kumbukumbu za vikao vya chama cha wanafunzi kwa mwaka mzima, na uwe na nakala mkononi siku ya usaili.

Najua wapo wasio na nafasi ya kupima na kuchagua, kwa kuwa nyumbani wanasubiriwa walete chochote, nao watashika kazi ya kwanza itakayotokea. Siwalaumu, na wala sioni kwamba wamejitupa nje ya mjadala huu. Anayeajiriwa kupakua mizigo ghalani huona kila siku jinsi mtunza stoo anavyohangaika na hesabu isiyolingana na kilichopo rafuni, jinsi dereva anavyobishana na karani juu ya hati za mzigo, na jinsi fundi anavyoitwa usiku mashine inapogoma, yote hayo bila kumwomba mtu yeyote miadi.