Huku anaulizwa mgonjwa, nyumbani anaulizwa mjomba

Juzi daktari wa huku ughaibuni kanionyesha picha ya nyonga yangu, kichwa cha mfupa wa paja kimebonyea, akasema ni selimundu hiyo, chembe za damu zilizopinda kama mundu zimeziba mishipa midogo, damu haikufika, mfupa ukafa. Halafu akaniuliza mimi mwenyewe, nini unachotaka kufanya ambacho sasa kinakushinda? Nimezaliwa na huu ugonjwa na sijawahi kuulizwa swali kama hilo!

Nyumbani mnajua inavyoenda. Mgonjwa uko kitandani una akili zako timamu, daktari anamwita mjomba koridoni wanamalizana huko, wewe unakuja kuambiwa tu usile kitu kuanzia usiku.

Najua watakaosema huyu kapanda ndege tu kashaanza kudharau madaktari wetu. Sidharau, hao ndio walionifikisha umri huu na nawaheshimu sana. Mtaniambia wodi imejaa, muda wa kumwelezea kila mtu anautoa wapi. Sawa, na ule aliokaa na mjomba koridoni aliutoa wapi?

Maana huu uamuzi wa kuwekewa nyonga bandia ni mzito jamani. Nyonga bandia haidumu milele, uchambuzi uliotoka 2019 unaonyesha kama 58 kati ya 100 ndizo zinafika miaka 25, kwa hiyo kwa umri wangu huenda nikafunguliwa tena, na operesheni ya marudio ni ngumu kuliko ya kwanza. Sisi wa selimundu hatari ya maambukizi ni kubwa zaidi, tena mara nyingi inabidi uongezewe damu kabla, kuna utafiti wa 2013 ulioonyesha hiyo inapunguza matatizo ya operesheni kama kifua kubana ghafla. Nikikataa, mfupa unazidi kubonyea na usiku silali. Sasa vitu hivyo atavipima nani kama sio anayelala navyo?

Ila huku nako kunanichosha, siwezi kuficha. Wamenipa makaratasi, wakasema kafikirie, nikatoka peke yangu. Nesi akaniuliza baada ya operesheni una mtu nyumbani? Sina! Kwetu hilo swali halipo, ndugu wangeshajipanga nani analala hospitali na nani anatoa damu kabla hata sijafungua mdomo. Na nikisema hivi mtu ataniambia basi rudi. Sijasema nataka kurudi, nasema mjomba awepo chumbani, akae pembeni yangu, na daktari aongee akiniangalia mimi, hicho tu, wala hakihitaji mashine ya mamilioni.

Jana mjomba kapiga, anasema saini tu mwanangu tumalize. Nikamwambia shikamoo mjomba, subiri kwanza, nikamsomea hatari zote moja moja. Akauliza hiyo nyonga ikilegea mapema wanafanyaje, na magongo utatembea nayo muda gani, na wakati huo nani anakupikia. La mwisho sina jibu, hayo mawili nampelekea daktari.