Lalamiko la ubakaji lisipite mlangoni kwa kocha

Mwezi Agosti 2021, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, kilitoa uamuzi kuhusu Chuo Kikuu cha Baylor. Mpaka leo nikiusoma roho inaniuma. Kamati iliyosikiliza shauri ilikubali kwamba chuo kilishindwa vibaya kushughulikia tuhuma za ubakaji na ukatili dhidi ya wachezaji wake wa futiboli, na kwamba kushindwa huko ni doa la kimaadili. Kisha ikasema hakuna kanuni ya NCAA iliyovunjwa. Kanuni inakataza mchezaji kupewa upendeleo ambao mwanafunzi wa kawaida haupati, na Baylor ilikuwa imeshindwa kuwalinda wanafunzi wa kike chuo kizima, awe mtuhumiwa ni mchezaji au si mchezaji. Kwa hesabu hiyo, wachezaji hawakupendelewa. Chuo kikaishia kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka 4, pamoja na faini ya dola 5,000, kwa makosa mengine madogo.

Uwanja wa futiboli wa chuo hicho hicho, uliofunguliwa mwaka 2014 kando ya mto Brazos mjini Waco, Texas, uligharimu dola milioni 266.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu: futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai, huchezwa vyuoni kwa ukubwa ambao sisi tuliolelewa na Simba na Yanga, Gor na Leopards, hatuutarajii kwa timu ya wanafunzi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu zaidi ya 100,000 na hujaa. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo. Haki za televisheni zinalipwa kwa mabilioni. Mji mzima unaweza kuishi kwa Jumamosi sita au saba za msimu: hoteli, mabaa, wauza nyama choma, polisi wanaofanya kazi ya ziada getini. Ndani ya mazingira hayo, msichana wa miaka 19 anasema mchezaji fulani amembaka. Anaenda kumwambia nani?

Mimi naamini jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengine yote. Lalamiko likiingia kwenye jengo la timu, limekwisha. Kocha si polisi, si mpelelezi, si mshauri wa waathirika, na maslahi yake yote yako upande mmoja. Kumwachia yeye alisikilize ni kumpa ngedere kesi ya nyani.

Baylor inaonyesha jambo hili lilivyo kwa karibu. Ni chuo cha Wabaptisti, kilichoanzishwa mwaka 1845, chenye kanuni za maadili zinazokataza pombe na ngono nje ya ndoa. Timu yake ya futiboli ilikuwa ya kuchekwa kwa miaka mingi mpaka alipokuja kocha Art Briles, aliyeanza msimu wa 2008. Mwaka 2011 mchezaji wake Robert Griffin III alitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Mwaka 2013 wakachukua ubingwa wa kundi lao la Big 12, na mwaka 2014 wakaugawana na chuo kingine. Fedha zikamiminika, uwanja ukajengwa.

Wakati huo huo malalamiko yalikuwa yakirundikana. Januari 2014 mchezaji mmoja wa zamani wa timu, Tevin Elliott, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji. Juni mwaka huo mchezaji mwingine alifikishwa kortini kwa tuhuma za namna hiyo hiyo, na ajabu ni kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja habari haikutangazwa. Alikuwa hachezi, sababu hazisemwi, na kiangazi cha 2015 mmoja wa wasaidizi wa kocha bado aliwaambia watu kwamba anatarajia kuwa naye uwanjani msimu ujao. Agosti 2015 jopo la mahakama lilimtia hatiani, hukumu iliyobishaniwa kwenye rufaa kwa miaka. Hapo ndipo nchi iligutuka. Bodi ya chuo ikaajiri kampuni ya mawakili ya Pepper Hamilton ichunguze.

Matokeo yalitolewa Mei 2016, kurasa 13 tu kwa umma. Ripoti kamili ya maandishi haikuwahi kuwepo. Bodi iliambiwa yaliyobaki kwa mdomo, jambo ambalo kwangu ni funika kombe mwanaharamu apite. Lakini hata hizo kurasa 13 zinatisha. Zinasema watu wa timu ya futiboli walikutana wenyewe na walalamikaji, au na wazazi wao, kisha hawakupeleka taarifa kwa ofisi inayohusika. Zinasema timu ilikuwa na mfumo wake wa nidhamu, wa siri, ambao hapakuwa na mtu wa nje wa kuukagua. Zinasema baadhi ya viongozi wa chuo waliwakatisha tamaa walalamikaji, na katika kesi moja kilichofanywa ni kumlipizia kisasi aliyelalamika. Na zile kanuni za maadili za kanisa, ambazo mzazi wa kwetu angezisoma akafurahi kwamba binti yake yuko mahali salama, ziligeuka kuwa silaha dhidi ya wasichana. Aliyebakwa akiwa amekunywa alijua kwamba akifungua mdomo, swali la kwanza litakuwa kwa nini alikunywa.

Briles aliondolewa, akalipwa zaidi ya dola milioni 15 kumaliza mkataba. Rais wa chuo naye alivuliwa wadhifa, na huyo hakuwa mwingine bali Ken Starr, mwendesha mashtaka aliyempeleleza Rais Bill Clinton katika miaka ya 1990 kwa kashfa ya mwanamke. Mkurugenzi wa michezo, Ian McCaw, alijiuzulu mwezi huo wa Mei. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapata kazi ile ile katika Chuo Kikuu cha Liberty. Oktoba 2016 wajumbe wa bodi waliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba tangu 2011 wanawake 17 walikuwa wametoa taarifa za kushambuliwa, kingono au kwa kipigo, na wachezaji 19.

Haki itendeke kwa wote: Briles siku zote amekana kuficha ubakaji, na mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho aliwaondoa yeye na McCaw katika kesi ya madai iliyofunguliwa na mwanafunzi wa zamani aliyepigwa na mchezaji, akisema ushahidi dhidi yao binafsi hautoshi. Jopo lilikiona chuo chenyewe kuwa ndicho kilichozembea, na likaamuru mwanamke huyo alipwe dola 270,000. Mimi sina haja ya kumfanya kocha mmoja shetani. Tatizo linabaki hata tukisema kila mtu pale alikuwa na nia njema, kwa sababu mlango wenyewe uliwekwa mahali pabaya.

Sasa angalia miji miwili, Tallahassee na Nashville, na kamera zake.

Desemba 2012, mwanafunzi wa Florida State mjini Tallahassee aliwaambia polisi kwamba amebakwa usiku baada ya kutoka baa. Mwezi uliofuata alimtambua mtu huyo darasani na kuwapa polisi jina: Jameis Winston, kijana aliyekuwa akiandaliwa kuwa nyota wa timu. Baa ile ilikuwa na kamera zaidi ya 30. Polisi hawakuchukua picha zake. Sampuli ya vinasaba ya Winston haikuchukuliwa mpaka Novemba 2013, waandishi wa habari walipoanza kuuliza. Gazeti la New York Times liliandika kwamba ofisa mwandamizi wa idara ya michezo alikuwa na habari tangu Januari. Desemba 2013 mwendesha mashtaka alisema ushahidi hautoshi kumshtaki. Siku chache baadaye Winston akapokea Heisman, na Januari akaipa Florida State ubingwa wa taifa. Amekana tuhuma hizo wakati wote, akisema walikubaliana, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Mwaka 2016 chuo kilimlipa mlalamikaji na mawakili wake dola 950,000 kumaliza kesi yake.

Nashville, Juni 2013. Wahusika wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walikuwa wakipitia picha za kamera za bweni kwa sababu ya mlango ulioharibiwa. Wakaona wachezaji wa futiboli wamembeba msichana aliyezimia, wakamtoa kwenye lifti na kumpeleka chumbani. Picha zilipelekwa polisi. Msichana mwenyewe hakuwa na kumbukumbu ya kilichompata. Wachezaji wanne walifukuzwa timuni haraka, wakashtakiwa; watatu walifungwa miaka 15 na zaidi, na wa nne alikiri na kutoa ushahidi.

Sisemi Vanderbilt ni watakatifu. Nasema pale aliyeona picha kwanza hakuwa kocha. Alikuwa mtu anayetafuta nani amevunja mlango, na akaipeleka kanda ilikotakiwa kwenda. Kama kanda ile ingepitia kwanza ofisi za timu, sina uhakika kwamba tungezijua hukumu zile leo.

Kuna hoja inayotolewa na watu ninaowaheshimu, na siwezi kuipita. Wachezaji wengi wa timu hizi ni vijana weusi, na kusini mwa Marekani kuna historia ndefu ya wanaume weusi kunyongwa na umati kwa kusingiziwa tu kwamba wamemgusa mwanamke mzungu. Anayeitaja historia hiyo hatafuti kisingizio, anakumbuka maiti. Lakini mimi naona historia hiyo inaniunga mkono. Kijana asiye na hatia anahitaji ushahidi ukusanywe mapema kuliko hata mwenye hatia. Zile kamera 30 za Tallahassee huenda zingemsaidia mlalamikaji, huenda zingemsafisha Winston kabisa. Hakuna aliyezichukua, na sasa wote wawili watazeeka na swali lile lile. Timu inapojifanya kumlinda mchezaji kwa kunyamaza, inamnyima kitu pekee kinachoweza kumtakasa, na pindi goti lake likivunjika ulinzi wenyewe unaisha.

Wengine husema kocha ni kama baba kwa vijana hawa, wengi wakiwa wametoka nyumba zisizo na baba, kwa hiyo ni haki yake kuambiwa kwanza. Hoja hii tunaijua vizuri sana huku Afrika Mashariki. Ndiyo inayotumika binti akibakwa na mjomba au jirani: wazee wanakaa, faini inatozwa, mambo yanamalizwa kinyumbani, na binti anaendelea kumwamkia huyo mtu kila asubuhi. Baba anayempenda mwanawe anaweza kumtafutia wakili na kukaa naye kortini. Hana haki ya kuwa hakimu wake.

Tatizo halikuishia Baylor. Mwaka 2020 gazeti la USA Today lilifichua mambo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, na Machi 2021 kampuni ya mawakili ya Husch Blackwell ilitoa ripoti ya karibu kurasa 150 iliyoonyesha malalamiko yaliyokwama ndani ya idara ya michezo na ofisi ya malalamiko isiyo na watumishi wa kutosha. Adhabu? Viongozi wawili wa michezo walisimamishwa kazi, mmoja siku 30, mwingine siku 21. Hakuna aliyefukuzwa. Linganisha na Ohio State, ambako mwaka 2010 iligundulika kuwa wachezaji walibadilisha pete na jezi zao kwa fedha na kuchorwa tatuu. Watano walifungiwa mechi 5, kocha Jim Tressel akapoteza kazi kwa kuficha, na timu ikazuiwa kucheza mechi za baada ya msimu wa 2012. NCAA inajua kuadhibu inapotaka. Ina kanuni ya tatuu.

Yako yaliyobadilika. Mwaka 2015 kundi la vyuo la SEC liliweka kanuni ya kutompokea mchezaji anayehama baada ya kufukuzwa kwingine kwa makosa mazito, ukiwemo ukatili wa kingono. Mwaka 2020 NCAA iliagiza wachezaji wajieleze kila mwaka kama wamewahi kuchunguzwa au kuhukumiwa kwa ukatili wa namna hiyo. Ni hatua, ila kujieleza hakumzuii mtu kucheza. Uamuzi unabaki kwa chuo, na chuo kinamtazama kocha. Hata kocha hazuiwi. Februari 2022 Grambling State kilimwajiri Briles kuwa mratibu wa mashambulizi, na aliondoka ndani ya siku nne kwa sababu ya kelele za watu, akiwemo Doug Williams, nyota wa zamani wa chuo hicho.

Ninachotaka kinaandikika kwa sentensi chache kwenye mkataba wowote wa kocha. Mtumishi wa timu akisikia tuhuma ya ubakaji anaipeleka siku hiyo hiyo kwa ofisi iliyo nje ya idara ya michezo, yenye wapelelezi wake na bajeti isiyopitia kwa mkurugenzi wa michezo. Haongei na mlalamikaji, wala na wazazi wake. Hamtafuti ofisa wa polisi anayemfahamu. Akikiuka, mkataba unavunjika bila fidia, hata senti moja ya zile milioni. Tangu Julai 2025, kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi mmoja kabla, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na mawakili wa vyuo tayari wanaandika kurasa kwa kurasa za mikataba kuhusu picha, matangazo na tarehe za malipo. Hao hao wanaweza kuyaandika haya pia.