Noti Yangu Ilikufa

Jana jioni jirani alikuja kutugawia fikra zake: eti noti za Kongo zichorwe upya zionyeshe utamaduni wetu. Tonge la bukari (ugali wetu) likanidondoka. Upya? Hata hizi zilizopo bado sijaziona!

Wanasema kwenye mia tano kuna wachimba almasi. Mimi naona gundi. Mwana Pwo, yule mrembo wa kinyago cha Wachokwe, yuko kwenye hamsini, lakini mara ya mwisho kukutana naye sikumbuki. Kasuku wa elfu moja ndiye amelala na ndakala, dagaa wetu, sokoni mpaka unamjua kwa harufu. Na dola je? Bwana Franklin wa dola mia akitobolewa shavu kwa ncha ya kalamu, hakuna kambisti, mbadilisha pesa, atakayemgusa. Wachimba wetu wanakatika kiuno, tunawabandika skochi, utepe wa gundi, warudi kazini.

Nikamwambia jirani: mimi mtoto wa Katanga, nirudishieni misalaba ya shaba, pesa zetu za zamani. Mababu walitolea mahari. Hata Katanga ilipojitenga na Kongo, sarafu zake za 1961 zilikuwa na msalaba huo upande mmoja na ndizi upande wa pili. Huo ndio utamaduni! Haukunjiki, haulowi, na mpokea nauli akiukataa unamwangushia mguuni.

Mke wangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza: "Na mifuko ya suruali yako atashona nani?"

Tukalala.

Leo asubuhi, soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, nikampa mama wa karanga mia tano yangu. Akaielekeza juani, akaipuliza, akanirudishia kwa vidole viwili kama mkia wa panya.

"Papa, hii ilikufa."

"Ilikufa saa ngapi? Jana kwenye taxi-bus nilipewa ikiwa hai!"

"Basi ilikufia kwako."

Watu wakaanza kusogea. Ndiyo Lubumbashi hii, ukigombania mia tano unapata mashahidi wengi kuliko kwenye harusi. Nikaona aibu, nikatoa elfu moja, kasuku wangu wa mwisho. Mama akanipimia karanga za mia tano, akaingiza mkono chini ya kitenge, akanipa chenji: mia tano nyingine, skochi juu mpaka chini, wachimba wawili wasio na vichwa.

"Mama, hii nayo si ilikufa?"

"Hapana papa. Hiyo inalala tu."