Kupindua meza si mpango wa mechi

Wana Msimbazi wenzangu, mashabiki wa Simba, wanalilia sare ya 1-1 na Berkane ya Morocco, Jumapili ya Mei 25, 2025, pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mimi naona kombe halikupotelea Zanzibar. Lilipotelea kwao Berkane Mei 17, kwenye mechi ya kwanza, ndani ya dakika 14. Dakika ya 8 Mamadou Camara, dakika ya 14 Oussama Lamlioui, mbili bila, na huku nyumbani kwenye magrupu watu wakaanza kutulizana: "Tulieni, tutapindua meza," yaani tutageuza matokeo nyumbani.

Hapo ndipo ninapogombana na benchi la ufundi. Baada ya bao la pili mechi ile ilikuwa bado na dakika 76, na Berkane hawakupata la tatu. Kwa hiyo vijana wetu walikuwa na uwezo wa kuwazuia, ila walianza kuwazuia wakati maji yameshamwagika. Kila anayefuatilia mpira wa Afrika anajua kwamba timu ya Afrika Kaskazini ikiwa kwao itakuja na moto robo saa ya kwanza. Hilo halihitaji leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la mpira Afrika. Robo saa hiyo unacheza mpira mbovu kwa makusudi. Mabeki wa pembeni hawapandi, kipa anachelewesha mpira, kiungo akibanwa anabutua jukwaani, mmoja analala chini anaita daktari. Ikifika dakika ya 20 bado 0-0, mashabiki wao wanaanza kuizomea timu yao wenyewe. Sisi tuliingia kama tuko kwenye mechi ya ligi.

Wala si jambo jipya. Februari 2022, kwenye makundi ya kombe hilihili, Berkane hawahawa walitufunga kwao 2-0 hizohizo. Mwaka 2021 tulikwenda Afrika Kusini tukala nne kwa Kaizer Chiefs, tukarudi Dar tukawapiga tatu, tukatolewa kwa jumla ya 4-3 huku tukijipongeza kwamba tumekufa kiume. Aprili 2025 Al Masry wakatupiga 2-0 Misri, tukazirudisha zote mbili, tukapita kwa penalti 4-1 kwa mikono ya kipa wetu Moussa Camara. Usiku ule nilishangilia hadi sauti ikakauka. Lakini tangu hapo nina wasiwasi kwamba miujiza ya Al Masry imehesabiwa kama mbinu: nenda ugenini, fungwa kiasi, yatamalizwa nyumbani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Fadlu Davids, kocha wetu wa wakati ule, anajua kucheza ugenini. Januari 2025 tulikwenda Tunisia tukamfunga Sfaxien 1-0 kwa bao la Ahoua. Nusu fainali, Durban, tulikaa dakika 90 tukilinda bao moja tulilompiga Stellenbosch Zanzibar, na tukatoka 0-0. Msimu wa 2024/25 ulikuwa wake wa kwanza na alitufikisha fainali ya Afrika, kitu ambacho hatukukiona tangu ile ya 1993 na Stella Abidjan. Ingekuwa kocha hajui kitu, nisingehangaika kuandika. Na hata watani wetu Yanga (naandika huku nimeng'ata meno) mwaka 2023 walikwenda Algiers kwenye fainali wakamfunga USM Alger 1-0 kwake. Walikosa kombe kwa sababu ya mabao mawili waliyoruhusu kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar.

Sasa Amaan. Kuhamishwa kutoka Mkapa lilikuwa suala la CAF na hali ya nyasi, sitamtwisha kocha. Dakika ya 17 Mutale akafunga, uwanja ukalipuka, tukabakiza bao moja tu kusawazisha jumla. Kikosi kinaingia mapumziko, na Kagoma ana kadi ya njano. Huyu ni kiungo mkabaji, timu inalazimika kupanda, nyuma yake kuna uwanja mtupu, na kazi yake yote ni kukata mashambulizi ya kushtukiza. Atacheza faulo tu, hana namna. Akarudishwa uwanjani. Dakika ya 50, njano ya pili, nje.

Nimeona wanaomtukana Kagoma. Waacheni wachezaji. Mwenye kuulizwa ni aliyekuwa na dakika 15 za mapumziko za kufikiri akaamua kubahatisha. Najua jibu litakalokuja, kwamba angetoka yeye hakuna mwingine wa kukaba kama yeye. Sawa. Lakini kiungo wa kiwango cha chini kidogo kwenye timu ya watu 11 ni bora kuliko Kagoma aliyeko vyumbani. Tulicheza pungufu kipindi karibu kizima na bado mshambuliaji wetu Mukwala alitia mpira wavuni, VAR, marudio ya video ya waamuzi, ikaufuta. Hebu fikiria tungekuwa kamili. Sidibé wa Berkane alipokuja kusawazisha mwishoni watu walikuwa wameshachoka miguu, jumla ikawa 3-1 na medali za fedha.

Sikutaka Fadlu aondoke, ingawa Septemba 2025 aliondoka; wale waliotaka afukuzwe walikuwa wamezoea kuona makocha wakipishana mlangoni. Ninachotaka kwa benchi la Simba ni kitu kimoja: tukipangiwa tena Waarabu, tucheze kwao mechi mbaya kabisa. Mechi ya kusinziza. Mechi ya 0-0 ambayo kijiweni watailalamikia wiki nzima kwamba Simba siku hizi haina mpira, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwabishia.