Jioni ya Sanaa kwa Familia Nzima

Tangazo la makumbusho lilisema kwamba jioni ya sanaa ni kwa familia nzima na kwamba watu wa rika zote wanakaribishwa. Aliyeliandika, naapa, hana mtoto.

Chimbuko la balaa hili nalijua. Katika miaka ya 1850, Henry Cole, mkuu wa makumbusho ya South Kensington jijini London, ambayo sasa huitwa Victoria and Albert, aliwasha taa za gesi ili wafanyakazi wanaoshinda kazini mchana kutwa wapate kutazama sanaa jioni. Nia yake ilikuwa njema, wala sijasikia kwamba aliwaagiza waje na mtoto wa miaka minne aliyekataa kulala mchana. Mwaka 1997 mji wa Berlin ukaanzisha Usiku Mrefu wa Makumbusho, jina ambalo mzazi yeyote atakiri kwamba halikutiwa chumvi.

Tulianza na chumba cha michoro, ambacho kilikuwa na giza kiasi kwamba nilidhani umeme umepungua. Mlinzi akanieleza kwa upole kwamba mwanga hupausha karatasi, vitambaa na rangi za maji, na kwa kuwa rangi iliyokwisha kupauka hairudi, taa hupunguzwa hadi mwanga wa takriban luksi 50, yaani hafifu mno. Sayansi hiyo siipingi hata kidogo. Lakini mtoto akiona giza saa moja usiku hujua mambo mawili tu, kulala au kujificha, na wangu akachagua kujificha chini ya kabati la kioo ambalo mlinzi yuleyule alikuwa amenisihi nisilikaribie.

Chumba cha pili kilikuwa na nakala za vyungu na vinyago zilizowekwa makusudi ili watoto wazishike, wazigeuze na kuzigonga. Walifundishwa kugusa kwa bidii, wakasifiwa kwa kugusa, kisha wakafunguliwa mlango wa chumba cha tatu, ambako kila kitu ni halisi na hakiguswi. Aliyepanga vyumba hivyo ningependa kumshika mkono, tena kwa nguvu.

Hata hivyo, ni meza ya ufinyanzi iliyonimaliza. Nilikalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na masikio, huku mwalimu wa sanaa akitutangazia kwamba hapa hakuna kukosea. Mwanangu alibonyeza udongo mara moja, akasema, "Baba, malizia," akaenda kutazama bomba la kunawia mikono, ambalo kwa maoni yake ndilo lililokuwa onyesho bora kuliko yote. Nikabaki nikimfinyanga tembo peke yangu. Mwalimu yule wa hakuna kukosea akapita, akamtazama, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama ni birika. Mzazi wa jirani, ambaye mtoto wake pia alikuwa bombani, alikuwa amefikia kuchonga kucha za mamba wake kwa kijiti, na nakiri kwamba nilimchukia.

Wakati wa kutoka tulipewa karatasi ya maoni yenye vikatuni vya nyuso, kuanzia uliokunjamana hadi unaocheka, tuchague mmoja. Mwanangu akazitia alama zote kwa kalamu ya wino usiofutika, na karatasi ilipojaa akaendelea kwenye shati langu.